Kidole cha Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kama akili ingeuzwa kwa kupimwa, yangu ingehitaji mizani ya malori. Sijisifu. Natoa taarifa tu.

Mimi na shule tuliachana kidato cha pili, bila ugomvi, kila mmoja akashika njia yake. Lakini leo, kabla ya saa nne asubuhi, nimefanya jambo ambalo wenye vyeti vya kutundika ukutani hawajathubutu: nimekibadilisha sura kivinjari. Kivinjari ni ile programu ya kufungulia tovuti. Watu wote wanaitumia kama walivyoikuta, mfano wa mpangaji anayeogopa kupigilia msumari kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Mimi nimepigilia.

Siri ni skripti. Mistari michache ya maagizo unayoipachika kwenye kivinjari, na kuanzia hapo kila ukurasa unaofunguka kwenye kompyuta yako unakutii wewe, haumtii aliyeutengeneza. Umeagiza tangazo lipotee, linapotea. Herufi zinenepe, zinanenepa. Kitufe kihame kutoka chini kije juu, kinahama na virago vyake. Kuandika skripti nzima kutoka kichwani sijafika huko. Nachukua za watu, nazikatakata, nazibandika mpaka zikubali. Hata fundi cherehani hafumi kitambaa.

Ya kwanza nimeiita Jicho la Mjomba. Mjomba ndiye mwenye duka hili la steshenari: kompyuta tatu, printa moja, mashine ya fotokopi moja, ya laminesheni moja, na viti sita ambavyo vinne vina miguu kamili. Anaona vizuri kila kitu isipokuwa kilicho karibu. Miwani anayo, imelala kwenye droo, anasema inamzeesha. Basi nimezikuza herufi za kila ukurasa zikawa kama za mabango ya barabarani. Mjomba akakaa, akasoma habari nzima kuhusu saruji bila kurudisha shingo nyuma, akanitazama, akasema kumbe hata mimi nina matumizi. Kwa Mjomba hiyo ni hotuba.

Aliyenuna ni Diploma. Huyu ni binti wa Mjomba, binamu yangu, amerudi mwezi uliopita na diploma yake ya kompyuta ndani ya bahasha ya plastiki, eti isipate unyevu. Jina nimempa mimi. Akasema herufi kubwa zimo tayari kwenye mipangilio ya kivinjari, ni kubonyeza mara mbili tu, skripti ya nini. Nikamwambia na maji yamo kisimani, mbona watu wanavuta bomba. Akasema debe tupu. Hakuimalizia methali. Aliniachia kazi hiyo mwenyewe.

Tunagombea kiti, ndiyo maana. Kompyuta namba moja iko dirishani, inatazama mtaa, na anayeikalia ndiye wateja wanamwita bosi. Kwa sasa ni mimi.

Jioni Dada akapita akitoka kwa dobi. Anapiga pasi kule mwaka wa tatu sasa, mkono wa kulia una alama za moto kama ngazi. Alhamisi majina ya waliopata vyuo yanatoka. Ameomba uuguzi kwa mara ya tatu, na mwakani umri hautamruhusu tena, kwa hiyo ni safari hii au basi. Pale nyumbani hakuna ambaye hajampima mapigo ya moyo, hata mpangaji wa chumba cha nyuma, kwa saa ya ukutani ambayo nayo inachelewa. Akasema Alhamisi atakuja kufungulia hapa dukani. Nikamwambia Dada, kwenye kompyuta zangu hata habari mbaya inafunguka ikiwa nzuri. Akaniambia mdogo wangu, funga mdomo, nzi wataingia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya kihistoria. Naandika polepole ili wajukuu wasome vizuri.

Asubuhi alikuja fundi cherehani kujaza fomu ya leseni ya biashara kwenye tovuti. Ukurasa ukamuuliza, unakubali? Akakubali. Ukamuuliza, una uhakika? Akasema anao. Ukamwambia, bonyeza Endelea. Akabonyeza Endelea mara kumi na tisa, nilihesabu. Hata posa haiulizi hivyo. Nikakaa kwenye kona na daftari, nikakuna kichwa, nikazikamata skripti tatu za watu na kuzishona pamoja, na kabla ya chakula cha mchana kikazaliwa Kidole cha Sita.

Kazi yake ni hii. Kila ukurasa ukifunguka, Kidole kinatafuta kitufe kilichoandikwa Ndiyo, Nakubali, Endelea, au Thibitisha. Kikikiona cha kwanza, kinakibonyeza, kabla hujakuna pua. Kwa lugha nyingine, kompyuta inajijibia maswali yake yenyewe, na mtu anabaki kupunga upepo.

Fundi alirudi alasiri na fomu ya pili. Ilikwisha kabla hajaweka mkoba chini. Akapiga makofi, akaniita bosi mbele ya Diploma, akasema mwanangu wewe utafika mbali. Diploma akauliza kwa sauti ya msibani je, fundi amesoma alichokikubali. Nikamwambia kama vingekuwa vya kusomwa visingeandikwa vile. Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Diploma akasema maswali yale yamewekwa ili mtu asimame kidogo afikiri. Nikamwambia wa kusimama na kufikiri ni nguzo ya umeme.

Nimekipachika kwenye kompyuta zote tatu.

Kuna kadosari kamoja, nakaandika kwa ajili ya ukweli. Mjomba alikuwa kwenye barua pepe zake, akagusa Futa Zote bila kukusudia. Ukurasa ukamuuliza kama ana uhakika. Kidole kikamjibia. Barua mia tatu zikaenda na maji. Mjomba hajagundua. Jioni alisema leo mtandao mwepesi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimeonewa.

Saa tatu aliingia Mwalimu Mstaafu. Mzee wa miaka sabini na miwili, suruali ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Alitaka kumwandikisha mjukuu wake kwenye mbio za mwezi ujao. Mimi na heshima zangu zote, shikamoo Mwalimu, karibu kiti chenye miguu minne, nikafungua ukurasa. Ukurasa ukauliza, mshiriki ni wewe mwenyewe? Kidole: Ndiyo. Una afya njema? Ndiyo. Umeelewa kwamba umbali ni kilomita ishirini na moja? Ndiyo. Thibitisha. Imethibitishwa. Printa ikatema karatasi kabla Mwalimu hajamaliza kusema jina la mjukuu.

Akaisoma taratibu, kama anasahihisha. Akasema kwa mujibu wa hati hii yeye ni mkimbiaji namba mia nne kumi na saba. Akauliza je, viatu vinatolewa.

Mjomba akatoka mbio nyuma ya kaunta. Kumbe Mwalimu alimfundisha darasa la nne. Sijawahi kumwona Mjomba akisimama wima vile, mikono imenyooka ubavuni. Mwalimu akamwambia naona duka limebadilika, wewe bado. Mjomba akasema ndiyo Mwalimu. Kisha akanigeukia, na ile ndiyo Mwalimu yote ikanirudia mimi ikiwa na riba.

Amri: niondoe skripti zote, leo hii, kompyuta zote. Ibaki ile ya herufi peke yake kwa sababu yeye anaihitaji. Na kesho namba moja akae Diploma, mimi nikasafishe mashine ya fotokopi inayovuja wino. Nikaomba kujieleza. Akasema maelezo yangu anayajua, yana utangulizi mrefu.

Diploma hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angecheka tungekuwa sawa. Alivuta tu kiti na kukifuta kwa kitambaa.

Lakini mtu hamtupi mwanawe jalalani kwa kosa la siku moja. Wakati wa kufunga duka nikaondoa zote kama nilivyoambiwa. Kidole nacho nikakiondoa pale kilipokuwa, nikakibandika ndani ya Jicho la Mjomba, chini kabisa, baada ya mistari mitupu themanini, mahali ambapo hakuna atakayeshuka kusoma. Kwenye orodha inaonekana skripti moja tu, ya herufi, halali kabisa.

Na nimekipunguza makali, watu wasiseme sikusikia. Nimefuta Ndiyo. Nimefuta Nakubali. Nimeacha Endelea na Thibitisha tu, maneno mawili ya amani ambayo hayajawahi kumdhuru mtu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi, mchana

Naandika nikiwa stoo, nimekalia maboksi ya karatasi. Ukurasa huu una alama za wino za vidole vyangu vitano. Cha sita hakiachi alama. Hilo ndilo tatizo.

Nianze mwanzo. Umeme ulikatika tangu tunafungua. Hakuna kompyuta iliyowashwa, hakuna mteja, mimi na mashine ya fotokopi tu tukipakana wino mpaka viwikoni. Saa sita na nusu umeme ukarudi, na nyuma yake akaingia Dada, amekimbia kutoka kwa dobi, bado ana kitambaa cha kupigia pasi begani kama beji. Majina yametoka. Mjomba akaacha chai. Diploma, akiwa namba moja, akamvutia kiti, akamwambia dada yangu pumua kwanza. Dada akasema atapumua baadaye.

Akaandika jina lake. Akaandika nenosiri, akalikosea mara mbili. Ukurasa ukafunguka kwa herufi za Jicho la Mjomba, kubwa, hata mimi nikiwa kwenye fotokopi nilizisoma. Hongera, umechaguliwa vyuo viwili. Uuguzi. Ndani ya duka pakawa kama goli limeingia. Mjomba alinikumbatia mimi na wino wangu, shati lake la bluu sasa ni la madoadoa.

Sasa hapa lazima nieleze. Fomu ya maombi ilikuwa inadai chaguo tatu. Dada alikuwa na moja tu maishani mwake, uuguzi. Chaguo mbili za chini nilimjazia mimi, miezi iliyopita, nikisema jaza chochote, hazisomwi. Ya pili niliweka Uashi. Ya tatu niliweka Ufugaji wa Nyuki, kwa kuwa ilikuwa karibu na kidole changu. Uashi walimkataa. Nyuki walimkubali, nadhani hawapati waombaji wengi. Na ukurasa ukazipanga kwa alfabeti: Ufugaji juu, Uuguzi chini. Kila moja na kitufe chake pembeni. Thibitisha. Thibitisha.

Mtandao ulikuwa mzito, na kelele za furaha zilikuwa hazijatua nilipoyaona maandishi yanabadilika. Umethibitisha nafasi yako: Ufugaji wa Nyuki. Nafasi nyingine zimefutwa. Tunakutakia masomo mema.

Mkono wa Diploma ulikuwa juu ya kipanya.

Dada akasoma tena, midomo inatembea. Akauliza nyuki wamefikaje pale. Akaketi kwenye kile kiti cha miguu mitatu bila kujua, na kwa mara ya kwanza katika historia hakikumwangusha. Nadhani nacho kilimwonea huruma.

Mjomba akamuuliza Diploma amebonyeza nini. Diploma akasema Baba, sijabonyeza. Mjomba akauliza basi nani, jini? Kisha akanigeukia, maana yeye si mjinga, akauliza kile kidudu changu nilikiondoa? Nikasema nilikiondoa. Akasema nionyeshe. Nikafungua orodha kwa kidole chenye wino. Skripti moja: Jicho la Mjomba. Diploma mwenyewe akaifungua, akasoma mistari ya herufi, akaona weupe mtupu chini yake, akaifunga.

Nikasema labda mtandao. Umeme ukirudi huwa unarudi na hasira.

Mjomba akamwambia binti yake kwamba mtu akifurahi mkono unaruka wenyewe, hata yeye aliwahi. Alilisema kwa upole. Upole wa Mjomba ni mzito kuliko kofi.

Ndipo nikaja stoo, kutafuta karatasi.

Alhamisi, jioni

Mambo si mabaya kiasi kile. Nimelitazama suala kwa utulivu wa kisayansi.

Kwanza, Kidole nimekifuta kwenye kompyuta zote, wenyewe walipotoka nje kupata hewa. Mistari themanini mitupu pia nimeifuta. Pasafi kama mezani kwa hakimu.

Pili, Diploma alipiga simu ofisi ya udahili ya chuo cha uuguzi. Alipiga mara ishirini na moja mpaka akapata mtu. Wamesema kubadilisha kunawezekana mara moja tu, mwombaji aje mwenyewe kabla ya kesho saa kumi jioni, na alete barua iliyosainiwa na yule aliyebonyeza kimakosa, akieleza kosa lake. Bila barua hiyo hawabadilishi, kwa sababu kila mwaka watu wanathibitisha, wanajuta, wanasingizia kompyuta.

Tatu, nyuki ni wadudu wenye nidhamu. Nilimwambia Dada hivyo nyumbani, nikidhani nachangamsha. Nikaongeza kwamba muuguzi naye anachoma watu sindano, tofauti ni mabawa tu. Mama akaniambia nitoke nikaangalie kama mvua inakuja. Mvua haikuwa inakuja.

Dada hakupima mapigo ya mtu yeyote leo. Alichukua nguo zetu zote akazipiga pasi, hata soksi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tumeshinda. Lakini nitaeleza kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi wote tulikuwa dukani. Dada amevaa gauni lake la sherehe, la kijani, amelipiga pasi mpaka linasimama lenyewe. Barua ikabidi ichapwe. Mjomba akasema achape mwenye mikono myepesi, akaninyooshea kidole mimi. Nikakaa namba moja. Diploma akasimama nyuma yangu akanisomea maneno, na mimi nikachapa: Mimi mhudumu wa duka hili, nilipokuwa nikimhudumia mwombaji aliyetajwa, nilibonyeza kitufe cha Thibitisha kwa uzembe. Akanisahihisha nukta mbili. Akaendelea.

Printa ikatoa barua. Diploma akaishika, akamwambia baba yake tena, si kwa kubisha, kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mahali, kwamba kwa kweli hakumbuki kubonyeza. Mjomba akasema mwanangu, chuo hakipokei saini ya jini. Kama si wewe, ni nani asaini?

Akatutazama wote. Diploma, Dada na gauni lake la kijani. Mimi nilikuwa naitazama printa. Trei ya karatasi ilikuwa imekaa upande, nikainyoosha. Ikakaa sawa. Nikainyoosha tena.

Diploma akasema leteni kalamu. Kalamu ilikuwa karibu yangu.

Wakaenda, Dada na yeye. Mimi nikaendesha duka, na niliendesha kwa ustadi mkubwa, isipokuwa yule bwana wa cheti cha kuzaliwa nilichomfunikia laminesheni pamoja na risiti yake ya hospitali. Nilimwambia ni huduma mpya. Akashukuru.

Saa tisa na robo nikamsikia Dada kabla sijamwona. Mtu mzima, anakuja anakimbia katikati ya mtaa, viatu mkononi, gauni limekunjamana kama lilitoka mdomoni mwa mbuzi. Uuguzi. Wamebadilisha. Karatasi anayo, ina muhuri. Fundi cherehani akatoka kwenye banda lake na futi shingoni, muuza magazeti akaacha magazeti, Mjomba akaanza kucheza, na Mjomba akicheza ni bora usimame mbali kwa sababu viwiko havina breki. Dada akampima mapigo ya moyo papo hapo, akasema Mjomba keti. Mjomba hakuketi. Akambeba Diploma, akambeba Dada, akajaribu kunibeba mimi mgongo ukakataa.

Dada akaeleza ilivyokuwa. Foleni ilizunguka jengo mara mbili. Afisa udahili, mama mmoja mwenye kalamu nyekundu, alisoma barua kwa sauti mbele ya watu wote, akamuuliza Diploma amesoma nini, akajibiwa diploma ya kompyuta, akatikisa kichwa foleni nzima ikaona, akasema ndiyo maana nchi haziendelei, msomi mzima anabonyeza bila kutazama. Watu wakacheka. Diploma akasema samahani mama, ni kosa langu. Kisha muhuri, pwa.

Dada alipofika hapo akamshika Diploma mabega, akasema huyu sasa ni dada yangu wa tumbo moja. Diploma akatabasamu. Akasema ilikuwa wajibu, maana aliyeharibu ni yeye.

Nikapiga makofi kuliko wote.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kuna watu wanazaliwa na bahati, na kuna watu bahati inazaliwa nao. Mimi niko kundi la pili, sijui lina wengine.

Mosi: Mjomba amenirudishia kiti. Kompyuta namba moja, dirishani, daima. Ametangaza mbele ya wote kwamba kijana ana makelele lakini hakosei mkono. Diploma amewekwa laminesheni, ambako kama kuna kosa linaonekana kwa macho. Alisema sawa Baba.

Pili: Mwalimu Mstaafu amekuja, na mimi nikajificha chini ya meza, kumbe amekuja kushukuru. Hakufuta jina. Alisema alirudi nyumbani na namba yake mia nne kumi na saba, akaitazama siku nzima, jana alfajiri akatoka akatembea haraka mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Leo amekimbia kipande. Goti lililomsumbua miaka sita limenyamaza. Amenunua kaptura. Akatuonyesha. Mjomba akasema ndiyo Mwalimu. Kwa hiyo ukiitazama hesabu yote bila wivu, Kidole cha Sita kimempa mzee ujana.

Tatu: Mjomba hatimaye amegundua barua pepe zake hazipo. Amefurahi. Amesema amejisikia kama mtu aliyehama nyumba.

Nne: Dada ameaga kwa dobi. Dobi amelia. Anaanza masomo mwezi ujao, tayari ameandika kwenye daftari jipya jina lake na neno muuguzi mbele, kwa penseli, ili aone linavyokaa. Linakaa vizuri sana.

Nimeangalia orodha hii mara tatu. Sioni mahali nilipokosea.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Leo nimetengeneza mbili mpya, nikiwa kitini kwangu, jua la dirishani likinipiga upande mzuri wa uso.

Ya kwanza ni Kidole cha Saba. Si kama kaka yake. Hiki kina adabu, kinasubiri sekunde tatu nzima kabla ya kubonyeza, muda unaotosha mtu mwenye akili timamu kusoma lolote. Nimekificha vizuri zaidi, kwenye namba moja tu, mistari mitupu mia mbili.

Ya pili ni ya Diploma, zawadi. Nimeipachika kwenye kompyuta namba mbili, ambayo yeye huitumia mchana kukiwa na wateja wengi. Kila ukurasa atakaoufungua utaanza kwa maandishi ya dhahabu juu: Hujambo Diploma, bingwa wa mabingwa, leo umependeza. Na maua pembeni. Maua yanazunguka. Kazi ya saa nne. Nilidhani akiiona atacheka, tutagombana kidogo, mambo yatarudi kama zamani.

Mchana alikaa namba mbili kumhudumia muuza magazeti. Maandishi yakatoka, maua yakazunguka. Hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama, akasema asante, kisha akaendelea na fomu. Nikasogea kuona anavyofanya. Kila kitufe anakisoma kwa sauti. Anaondoa mkono kwenye kipanya, anauweka mapajani, anakisoma tena, ndipo anaurudisha, polepole, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama ina moto. Muuza magazeti akamwambia mwanangu, hii ni fomu ya maktaba tu. Foleni ikafika mlangoni.

Walipoondoka akaniuliza, bila ugomvi wowote, hivi mimi niliyekuwa nimesimama pale kwenye fotokopi, niliuona mkono wake ukibonyeza? Maana yeye alikuwa na hakika haukubonyeza, lakini siku zinavyokwenda anaanza kuuona ukibonyeza. Anauona kabisa.

Nikamwambia sikuwa naangalia.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kusoma. Nyuki hawakuwa tatizo. Mwalimu hakuwa tatizo. Uuguzi ulipatikana, kiti nimepata, kila mtu anakula na kulala. Kitu kimoja tu ndicho kilichoharibika. Binamu yangu hakubonyeza, na mimi najua hakubonyeza, na barua inayosema alibonyeza niliichapa mimi, na alipoomba kalamu, ni mimi niliyempa.